Meno ya Mstaafu

Jumamosi asubuhi duka la dobi lilikuwa limefurika. Foleni ilianzia kaunta ikatokeza mpaka nje, mashine tatu zilinguruma kwa pamoja, na binti wa kupiga pasi, aliyevaa gauni la bluu lililopauka kwa mvuke na kitambaa chekundu kichwani, alikuwa ameshaulizwa mara tano kama suti ya bwana fulani iko tayari. Ndipo akaingia mtu asiyemjua, kijana mrefu mwenye ndevu zilizonyooshwa kama kwa rula. Akaipita foleni nzima na kulitua gunia la taulo juu ya kaunta.

"Samahani dada, nimeacha wateja wana povu mashavuni."

"Na hawa nyuma yako ni mapambo?"

Watu wakacheka. Binti hakucheka. Alikuwa ameshalifungua gunia, na taulo ya juu ilikuwa na madoa ya ute uliochanganyika na damu.

"Kaka, wewe unanyoa watu au unawachinja?"

"Mimi? Wembe wangu haujawahi..."

Taulo za chini zikatikisika. Likachomoza sikio, kisha kichwa cha paka mzee wa rangi ya majivu, mate yakimning'inia kidevuni. Mama mmoja kwenye foleni akapiga ukelele. Paka naye akapiga mwayo, na harufu iliyomtoka ikaishinda sabuni ya duka zima.

"Huyo ni wako?"

"Si wangu! Huwa anakuja tu pale ninaponyolea. Asubuhi anakaa na wazee wanaosoma magazeti, jioni anaondoka. Tunamwita Mstaafu."

Binti aliinua mdomo wa juu wa paka kwa kidole gumba. Fizi zilikuwa nyekundu kama kidonda kibichi, na magego yamevaa ukoko wa rangi ya udongo.

"Na hukuona haya yote?"

"Dada, mimi naangalia nywele."

Binti alikuwa hajakutana na mtu wa kumchosha haraka namna ile. Hata hivyo, saa saba, zamu yake ilipoisha, alimkuta kinyozi nje anamngoja, paka kifuani, shati jeupe limelowa mate. Wakaenda pamoja kwa daktari wa wanyama.

Daktari, mama mnene aliyening'iniza miwani shingoni, hakupoteza maneno. "Huu si ugonjwa wa kupona. Ni wa kutunza. Mwili wake unagombana na meno yake mwenyewe, uchafu kidogo ukiganda kwenye jino fizi zinawaka moto. Kila siku mswaki mdogo na dawa yake. Si dawa ya meno ya watu, hiyo itamdhuru. Chakula laini. Na kila miezi michache mniletee, nimlaze kwa dawa ya usingizi nimsafishe. Haya, mwenye paka ni nani?"

Kinyozi akatazama dari. Binti akamtazama kinyozi.

"Mimi," akasema binti, kwa hasira ya mtu anayebeba mzigo kwa sababu jirani yake amejifanya haoni.

"Basi mimi nitakuja kumshika," kinyozi akadakia. "Kila jioni, saa kumi na mbili. Vichwa ndiyo kazi yangu."

Kazi ile kweli ilitaka watu wawili. Mmoja alimviringisha Mstaafu kwenye taulo na kumshika kidevu, mwingine akapitisha taratibu mswaki usiozidi wa mtoto mdogo. Chumba cha binti kilikuwa kimoja, kitanda nyuma ya pazia, jiko kwenye kona, meza chini ya dirisha. Wakibanana pale mezani, vichwa vyao viligusana.

"Umejipaka manukato kwa ajili ya paka?" binti alimtania siku moja.

"Yeye anipulizie harufu yake, mimi nimpulizie yangu."

"Shika vizuri. Anateleza."

"Mpenzi, nikishika zaidi ya hapa nitakuwa nimemkumbatia."

Neno mpenzi lilimponyoka tu. Binti akajifanya amemeza mate vibaya. Kuanzia siku ile kinyozi alibaki mpaka chai, na simu zikaanza: asubuhi kumuuliza laazizi ameamkaje, mchana kumuuliza Mstaafu amekula nini, alasiri kutouliza chochote.

Katika mwezi wa nne wa matunzo hayo kinyozi alimpeleka Mstaafu kusafishwa, maana binti alikuwa na mashuka ya hoteli nzima ya kunyoosha. Alasiri akapiga simu.

"Imekuwaje?" binti aliuliza, simu ameibana begani.

"Kila kitu safi, kipenzi. Analala."

Jioni binti alimfungua mdomo Mstaafu ili amtazame. Akasogea karibu na taa.

"Yako wapi?"

"Nini?"

"Usiniulize nini! Magego. Nyuma huku kote hakuna kitu, nyuzi za mshono tupu."

Kinyozi akajikuna shingo. "Daktari alikuta mizizi imeoza. Alikuwa ameshamlaza, hakuweza kungoja. Alikupigia wewe, hukupokea. Akaniuliza mimi. Nikasema ang'oe."

"Na mimi nilipokuuliza?"

"Niliogopa ungelia kazini."

"Kwa hiyo ukaamua nilie hapa!"

"Lakini ni kwa faida yake, muulize daktari..."

"Sigombi kwa ajili ya meno! Daktari angesema yatoke, ningesema yatoke. Nagomba kwa sababu nilikuuliza, ukanijibu safi. Kesho utanijibu safi kuhusu nini? Ondoka. Usikanyage hapa tena."

Akaondoka. Kesho yake binti alijaribu peke yake kumpa dawa ya maumivu kwa bomba dogo. Dawa ilimwingia mwenyewe jichoni, na Mstaafu akapanda pazia mpaka juu akaning'inia kule kama koti. Saa kumi na mbili kamili mlango ukabishwa.

"Sijaja kwako," kinyozi alisema kutoka nje. "Nimekuja kwa mgonjwa."

Binti akafungua bila kumtazama. Wiki mbili walizungumza kwa kupitia paka.

"Mstaafu, mwambie huyo anayekushika asogeze kiwiko."

"Mstaafu, mjibu kwamba kiwiko kimesogea tangu jana."

"Mwambie pia viatu vyake vinachafua sakafu."

"Mwambie nitavivua akinikaribisha."

Siku ya kumi na tano, Mstaafu alikaa juu ya meza, akanyanyua mguu wa nyuma, akaanza kujilamba. Tangu aje hakuwahi kujilamba, mdomo ulimuuma mno. Alijilamba tumbo, mapaja, mkia, kwa pupa, kama mtu aliyekosa maji ya kuoga mwaka mzima. Wawili wale wakatazamana kwa mara ya kwanza tangu wagombane, na binti akacheka, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka.

"Niahidi jambo moja," alisema. "Dogo tu. Likitokea baya, uniambie mwenyewe, kabla sijaliona kwa macho yangu."

"Hata kama utanifukuza?"

"Hasa hapo."

"Naahidi."

Miezi ikapita. Jioni moja, Mstaafu akiwa ndani ya taulo na mswaki ukiwa kwenye meno ya mbele, kinyozi akasema, "Nataka kukuoa."

"Unaniposa umeshika paka?"

"Nikimwachia atakimbia. Na wewe pia."

Binti aliinamia mswaki ili asionekane uso. "Nitakuambia mama akishakuona. Nakwenda kwake siku kumi, nitarudi naye. Siku hiyo nitakujibu. Nakuachia Mstaafu."

Siku kumi zikaisha. Binti alirudi na mama yake, amevaa gauni la kijani aliloliweka kwa siku kubwa, masikioni hereni ndogo za lulu. Njia nzima alikuwa akitunga jibu lake, maneno mazuri, laini, ya kukumbukwa uzeeni. Kinyozi alikuwa mlangoni na kikapu cha paka, shati limenyooshwa vibaya lakini kwa juhudi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama akaketi, mkoba magotini, uso umechanua. "Karibu ukae."

"Asante mama. Ila kuna neno, nalisema kabla sijakaa." Akamgeukia binti. "Na kabla hujamfungua mdomo. Fizi za mbele zimevimba. Nimempeleka leo asubuhi. Daktari anasema chonge mbili za juu huenda zikatoka."

Binti akaweka chini sufuria ya chai. "Zimevimbaje?"

"Kosa langu. Siku kumi ulizokuwa kwa mama, nimemsafisha siku nne tu. Alinishinda nikiwa peke yangu. Siku ya kwanza nikajiambia kesho. Kesho nikajiambia kesho."

"Na kila jioni nilikupigia simu!"

"Uliuliza kama anakula. Anakula."

"Anakula! Mama, unamsikia? Anakula!" Kidole cha binti kilikuwa hewani. "Na daktari alisema nini ulipomwambia hayo?"

"Sikumwambia. Anadhani ni ugonjwa wenyewe umerudi tu. Ningenyamaza, usingejua maisha yako yote."

"Basi si ungenyamaza leo tu! Mbele ya mama! Leo, katika siku zote!"

"Leo ndiyo utanijibu," kinyozi alisema. Jasho lilikuwa limeshalilowesha lile shati la juhudi. "Sitaki unijibu ukiwa hujui."

Kikapuni Mstaafu alipiga chafya. Binti alilitafuta lile jibu zuri alilolitunga njiani, asipate hata neno lake moja. Alichopata ni hasira, hasira nyingi, hasira ya kutosha nyumba nzima, na chini yake kitu kilichotulia ambacho hakikuwa hapo asubuhi.

Mama alimtazama kijana, akamtazama binti yake.

"Mwanangu, huyu ndiye uliyeniambia unamtaka?"

Binti akajifuta macho kwa mkono wa gauni lake la kijani, bila kujali doa.

"Ndiye, mama," akasema kwa ukali, kana kwamba anashitaki. "Ndiye huyuhuyu."