Filamu Aliyoipima Mwalimu Nyamoita

Kitu cha kwanza kilichomshtua Mwalimu Nyamoita ni harufu. Benard Okeyo, mwenye gari la sinema, alipofungua kopo la bati lenye filamu, darasa lote lilinuka kamfa, ile ya kumpaka mtoto kifuani akiwa na homa. Nyamoita hakuwa ameshika kamfa tangu mvua za mwaka uliopita. Aliuliza kama humo mlikuwa na dawa. Benard akasema hamna kitu ila filamu, akaendelea kuipachika kwenye projekta bila kumtazama.

Mwaka ulikuwa 1971, na kijiji kizima cha Ekerenyo hakikuwa na habari nyingine. Kampuni moja ya sabuni ilikuwa imetuma gari lije liwaonyeshe watoto wa shule sinema ya bure siku ya Jumapili, na haikuwa sinema ya kufundisha watu kupanda chai. Ilikuwa ya watu wa chuma walioshuka kutoka nyota nyingine, wakichoma miji ya binadamu kwa moto unaotoka machoni. Wazee wa kanisa la Kiadventista walikunja nyuso, wakiwemo wawili waliojulikana kwamba wakifika Kisii mjini huangalia sinema za kupigana bila kupepesa jicho. Mwishowe kamati ya shule iliamua mtu mmoja aitazame kwanza, aandike ripoti: inafaa au haifai, na kama inafaa, ni kuanzia darasa la ngapi. Ripoti itolewe Ijumaa, kabla jua halijazama na Sabato kuingia.

Mwalimu mkuu, Abner Nyangau, hakufikiri mara mbili kabla ya kumchagua Nyamoita. Mama huyu hakuwa na upendeleo. Alipomfundisha mwanawe mwenyewe, Okemwa, alimpa sufuri ya hesabu mbele ya darasa, kisha akaenda nyumbani akampikia chakula anachokipenda.

Okemwa alikuwa amefariki. Surua ilimchukua wakati wa mvua zile za mwaka uliopita, akiwa na miaka tisa, akazikwa kando ya migomba. Alibaki mdogo wake, Nyangate, wa miaka sita, mtoto msemaji ambaye akikosa mtu wa kuzungumza naye huwahubiria kuku. Baba yao, Thadeus, alifanya kazi Kericho kwenye mashamba ya chai na kuja mwisho wa mwezi. Tangu msiba ule, jina la Okemwa halikutajwa katika nyumba hiyo. Waliogopa likitajwa halitawaruhusu kula.

Jumatano mchana walifunika madirisha ya darasa kwa mablanketi, jenereta ikawashwa nje, na Nyamoita akaketi peke yake kwenye dawati na daftari lake. Aliandika kama alivyozoea kusahihisha insha. Mtu anachomwa. Haifai chini ya darasa la tano. Nyumba inalipuka, mama analia. Labda darasa la sita.

Halafu watu wa mji ule wa Kizungu wakaanza kukimbia juu ya daraja, na nyuma yao kabisa akatokea mtoto mweusi mwenye sweta ya kijani ya shule ya Ekerenyo. Alikuwa anapandisha kaptura yake kwa mkono wa kushoto. Kaptura ile Nyamoita aliishona mwenyewe, akaifanya kubwa makusudi ili mtoto akue ndani yake. Kalamu ilimwanguka.

"Rudisha hapo," alisema.

Benard alimgeukia. "Mwalimu, umeona nani?"

"Sijaona mtu. Nataka kuhesabu waliokufa."

Alikuwa mwanamke asiyesema uongo, na ule ulimtoka kwa urahisi ajabu. Alimwambia Benard kwamba kesho itabidi aitazame tena, kwa sababu kazi ya kamati haifanywi mbiombio. Alipofika nyumbani, Nyangate alimpokea na maneno yake elfu moja, lakini sauti ilikuwa imekauka kidogo.

Alhamisi Okemwa hakuwa nyuma tena. Alikuwa katikati ya daraja, amesimama huku wengine wakimpita mbio, na alikuwa anamtazama mama yake. Midomo yake ilicheza, sauti haikutoka. Nyamoita aliinuka akaenda mpaka kwenye kitambaa cheupe kilichotundikwa ukutani, akaweka kiganja juu ya shavu la mwanawe, na picha ikacheza juu ya mkono wake. Kitambaa kilikuwa na joto la homa.

Jioni hiyo Nyangate hakuweza kusema ila kwa kunong'ona. Jirani alisema ni tonsili, akaleta ndimu na asali. Nyamoita alimpakata mtoto ili amnyweshe, na nywele za mtoto zikanuka kamfa. Hapo alijua ni ile filamu. Mama hajui mambo kama hayo nusu nusu. Lakini filamu ikisemwa haifai, gari lingeondoka nayo, na yeye alikuwa amemwona mwanawe mara mbili tu. Akachukua karatasi akaandika: Inafaa kwa madarasa yote. Akaikunja akaiweka ndani ya Biblia, na moyo wake ukamsuta mpaka asubuhi.

Ijumaa Nyangate aliamka bubu kabisa. Alifungua kinywa kumwita mama yake, haikutoka hata pumzi yenye mlio, naye akaanza kulia machozi yasiyo na sauti. Nyamoita alimwacha kwa jirani, akaenda shuleni. Alijiambia anakwenda kupeleka ripoti tu.

Okemwa alikuwa mbele kabisa, uso wake umejaa kitambaa chote. Safari hii alizungumza.

"Baba," alisema, maana hivyo ndivyo mtoto wa Kisii anavyomwita mama yake. "Baba, nimekuja."

Sauti ilikuwa ya Nyangate.

"Simamisha," Nyamoita alinong'ona. Projekta ikakwama, uso ukabaki pale. "Benard, hii ni nini umetuletea?"

Benard alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Alizungumza chini chini. "Mimi nimetembea na hii filamu miaka nne, Mwalimu. Bibi yangu Benta alikufa, nikamwona humu. Nikarudia, nikarudia. Msichana yetu Magdaline akanyamaza. Sasa ako na miaka kumi na moja, na hajawahi kusema tena. Mswahili mmoja wa Kisii mjini aliniambia ni jini. Linavaa sura ya mtu wako aliyekufa, halafu linamtafutia sauti kwa mtoto aliye hai."

"Na Jumapili watakaa hapa watoto mia tatu. Ungeniacha niandike inafaa?"

"Kila mahali wanaandika inafaa," alisema Benard. "Kila mahali kuna mtu amefiwa."

Nyamoita alimuuliza jini hilo linatolewaje. Benard akajibu huku akitazama sakafu kwamba mfiwa hulikana usoni kwa mdomo wake, kisha hutazama mpaka mwisho, bila kufumba macho. "Mimi nilifumba," alisema.

"Washa."

Mashine ikaanza kuzunguka. Nyamoita alisimama mbele ya kitambaa, akasema, "Wewe si mtoto wangu. Mtoto wangu nilimzika." Na mtoto yule akakunja uso kama Okemwa alivyoukunja siku ya ile sufuri, akapandisha kaptura yake kwa mkono wa kushoto, na nyuma yake watu wa chuma wakaanza kuvuka daraja wakiwa na macho mekundu, akageuka akawaona, akamrudia mama yake akamwita kwa sauti ya Nyangate, akaomba achukuliwe, akanyoosha mikono mpaka kitambaa kikafura kwa mbele na vidole vikaonekana humo kimoja kimoja, na harufu ya kamfa ikageuka kuwa harufu ya nywele zinazoungua, na Nyamoita akatazama, akatazama moto ukishika sweta, akatazama midomo ikiita Baba, Baba, Baba mpaka ikawa haina umbo la kuita, na hakufumba macho wala hakuyapangusa, na alimpenda mtoto yule muda wote huo, jini au si jini.

Kisha filamu ikakatika, na kitambaa kikabaki cheupe.

Aliichana ripoti ya kwanza, akaandika nyingine: Haifai. Isionyeshwe kwa mtoto wala kwa mzazi. Akamwambia Benard amwachie kopo lile alichome. Benard alilikumbatia kifuani. "Nisamehe, Mwalimu. Sauti ya Magdaline iko humu. Ni hapa tu namsikia." Muda mfupi baadaye gari likashika njia ya Marani, na huko nako kuna shule. Nyamoita aliita mpaka koo likamuuma, lakini gari halikusimama.

Nyangate alimkuta njiani, anakimbia. "Baba, nimepona," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, nzima, haina mkwaruzo. Nyamoita alipiga magoti kwenye udongo akamshika kwa nguvu, akamshukuru Mungu.

"Baba," mtoto akamwambia sikioni, "mbona umemkana Okemwa?"

Hakuna aliyemwambia mtoto yule lolote.

"Alikuwa yeye," Nyangate akasema. "Amekuja dirishani kwa jirani. Ameniambia chukua sauti yako, Baba amesema hanijui."

Jua lilizama na Sabato ikaingia. Nyangate ndiye aliyeomba sala ya kuifungua jioni hiyo, kwa sababu mama yake alikaa mezani mbele ya taa, amefungua kinywa kama Nyangate asubuhi ile, na haikutoka hata pumzi yenye mlio.