Spika ya Chumba cha Cherehani

Sogea. Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Umeapa? Haya, hata mimi niliapa, na tazama ninavyovuja.

Jua lilikuwa linazama. Mshonaji anaokota pini sakafuni, afunge kazi. Simu ikalia. Namba ngeni. Akapokea.

"Usimwambie mume wangu bado... nina mimba."

Maneno hayo aliyasema yeye, jana, humohumo chumbani, akimnong'oneza dada yake. Na sauti ile...

Ilikuwa yake mwenyewe.

Nani mwingine angesikia? Chumba cha pili analala mama mkwe. Basi mshonaji akaachia yowe: mchawi kaniibia sauti! Majirani wakajaa, si unawajua. Mume, akili zimemruka, akalitoa sanduku la mama yake mpaka mlangoni. Aondoke. Leo hii.

"Mwanangu," bibi akasema, "hata ningekuwa mchawi, ningeiba sauti ya huyu? Si ningeiba ya kuimbia?"

Mmoja akaguna kwa kicheko. Mume hakucheka.

Hapo akaingia jirani yao, fundi redio, na kiredio chake kikuukuu, kimewekwa pasipo na stesheni. Ndivyo anavyofanya kazi: kifaa kikirusha mawimbi karibu yake, kiredio hukoroma.

"Simu zote zizimeni, ziwekeni nje. Sasa kimya."

Akakisogeza kwa bibi. Kimya. Kwenye cherehani. Kimya. Kwenye spika mpya ya muziki, ile ndogo isiyo na waya, nayo imezimwa...

Kimya.

"Shemeji," fundi akanong'ona, "sema neno."

"Niseme nini?"

Krrr... krrr...

Mshonaji akaziba mdomo. Kiredio kikanyamaza.

Mume akakohoa. Krrr.

Fundi akaipasua spika, akaonyesha chipu ndogo kama punje ya dengu. "Hii kazi yake kupokea muziki tu. Nani kaifundisha kusikiliza?"

Akang'oa betri, akaifumbata.

Mume akapiga magoti mbele ya lile sanduku, machozi yanamtoka. "Mama... nisamehe."

Bibi akafungua mdomo amjibu. Akawahiwa.

Mezani, tumbo wazi, betri mkononi mwa fundi, watu wote wameikodolea macho, spika ikasema kwa sauti ya mume, taratibu, kama inayojifunza:

"Mama... nisamehe."