Mshika Mkono wa Kushoto

Kilichotangulia ni harufu ya udi. Ingekuwa nyumbani kwa Yakub, kule mtaani kwa Waislamu wa Mwingi, hakuna ambaye angeuliza. Lakini hiki kilikuwa chumba cha upasuaji, thieta, ambamo hata mafuta ya manukato hayaruhusiwi, na pua ya Sista Mbithe, muuguzi wa hapo, ilizoea spiriti na dawa ya kuoshea vidonda basi. Akamtania Yakub kwamba mkewe amemfukiza mpaka amepitiliza. Yakub ndiye aliyekuwa akiwapa wagonjwa dawa za usingizi na ganzi, mtu mpole mwenye utani mwingi, ila siku hiyo hakucheka. Alisema kwake hawajachoma udi tangu Idi.

Watu wengi hudhani majini hupenda usiku. Huyu alifanya kazi saa za ofisi.

Hospitali hiyo ya kanisa ilikuwa imeingia katika utafiti. Akina mama wote wanaojifungua kwa kisu walipigwa sindano ya mgongo, ganzi ikashika kuanzia kifuani hadi vidoleni, nao wakabaki macho. Nusu yao waliongezewa chembe ya mofini, dawa kali ya maumivu, ndani ya sindano hiyohiyo, ili ionekane kama maumivu ya baadaye yatapungua. Daktari Kimeu, mkuu wa utafiti, hakutaka mama wala Mbithe ajue nani ameongezewa na nani hakuongezewa. Kazi ya Mbithe ilikuwa kukaa kichwani pa mama, nyuma ya pazia la kijani lililomzuia asione tumbo lake, amshike mkono wa kulia, na kumuuliza tena na tena uchungu wake ni ngapi, kutoka ziro mpaka ten. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kwenye ubao, una dripu. Upande huo hapakai mtu.

Na Mbithe alikuwa na mchezo wake. Nyanya yake kule Kikima alikuwa na dawa moja ya mtoto aliyejikwaa: alikunjua kiganja na kusema, "Nenge," yaani nipe. Mtoto alijifanya kuchomoa uchungu kwenye kidole na kuuweka pale kiganjani. Nyanya akafumba ngumi, akaufunga kwenye pindo la leso, kisha akatoka hadi barabarani na kuikung'uta leso akisema uende na wapitao. Mtoto alikuwa ameshasahau kulia.

Mbithe aliwafanyia akina mama nusu ya mchezo huo. Alikunjua kiganja akasema nenge, wakacheka kwa woga, wakajifanya kuweka, akafumba. Nusu ya pili hakuifanya. Thieta hakuingii leso, na huwezi kutoka barabarani huku mtu amepasuliwa tumbo. Kazi ikiisha, alivua glavu akazitupa ndani ya ndoo, akaenda kunywa chai. Nani angekumbuka kukung'uta kitu ambacho hakipo?

Wa kwanza kusema alikuwa Kanyiva, mama anayeuza mbuzi pale sokoni Mwingi, mwenye sauti ya kuita wanunuzi kutoka ng'ambo ya barabara ya Garissa. Siku hiyo alinong'ona. Mbithe alimuuliza uchungu ni ngapi.

"Ziro, Sista. Ule mama mwingine amebeba yote."

"Mama gani?"

"Si huyu amenishika hii mkono ingine. Mwambie asifinye sana. Ako na baridi."

Mbithe alitazama upande wa kushoto akaona ubao, dripu na ukuta. Akajiambia ni dawa, kwani dawa huotesha watu hata wakiwa macho. Lakini baadaye wodini alikiinua kile kiganja cha kushoto cha Kanyiva akakinusa, na udi ulikuwa pale.

Baada ya Kanyiva wakaja wengine. Mmoja alisema mama huyo amejifunga kanga juu ya nywele zilizolowa. Mwingine alisema haonekani uso, ila anaimba chinichini, kama mtu anayebembeleza mtoto ambaye si wake. Na wote walikuwa ziro. Waliokatwa asubuhi walikuwa wamesimama jioni wakitandika vitanda vyao. Daktari Kimeu alifurahi mwanzoni, kisha akaacha kufurahi, maana hata wale ambao hawakuongezewa chochote walikuwa ziro, na utafiti ambao kila mtu amepona haumfundishi mtu kitu. Alimshuku Yakub kuchanganya dawa. Mbithe aliwasikia wakijibizana, na akanyamaza kama maji mtungini, kwa sababu alikuwa na lake la kuogopa.

Mbithe alikuwa na mimba. Alikuwa ameingoja miaka mingi, ameiombea kanisani mpaka wenzake wakachoka kumwambia amina. Sasa tumbo lilikuwa limejaa, na kondo la nyuma lilikuwa limelala mlangoni kabisa pa kizazi, kwa hiyo hapakuwa na kuzaa kwa kawaida. Yeye pia angelazwa juu ya meza ileile, aoneshwe pazia lilelile.

Kisha mama mmoja kijana, ambaye Mbithe hakuwahi kumwona kabla ya siku hiyo, akageuza kichwa juu ya mto akamtazama kwa huruma.

"Amesema nikuambie asante," akanong'ona. "Amesema zile uchungu ulipokea zote amekuwekea vizuri. Siku yako akija, atakuletea zote pamoja."

Siku hiyo Mbithe alimweleza Yakub kila kitu, mpaka ule mchezo wa nyanya. Yakub alimsikiliza akiwa ameinama. Akamuuliza swali moja tu: walipoweka uchungu kiganjani, yeye aliupeleka wapi? Mbithe akasema hakuupeleka popote. Yakub akashusha pumzi, akasema basi yuko aliyeona mzigo mlangoni hauna mwenyewe, akaupokea.

Jumapili, wakati thieta imefungwa na kwaya inasikika kutoka kanisani, Yakub alimwingiza ami yake Sheikh Mikail kwa mlango wa nyuma. Mbithe, binti wa mzee wa kanisa, aliona haya, lakini mficha uchi hazai. Akaketi kwenye kiti kando ya meza. Sheikh alianza kusoma kwa sauti ya chini, na hewa ikawa nzito, na harufu ya udi ikapanda ingawa hakuna aliyewasha kitu, na Mbithe akahisi ulimi wake unasogea mdomoni bila yeye kuusogeza. Alizoea kuchekwa kwa Kiswahili chake chenye Kikamba ndani. Sasa akajisikia akisema Kiswahili cha Pwani, laini, cha mwanamke mtu mzima ambaye hana haraka.

"Mimi sikuiba, sheikh. Nilipewa kutunza, nami nimetunza. Mwizi ndiye afukuzwaye. Mwenye amana hufukuzwa vipi?"

Sheikh alifunga kitabu. Alipomjibu, alimjibu kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomtisha Mbithe kuliko yote. Aliuliza amana hii itarudishwaje. Mdomo wa Mbithe ukajibu kwamba mwenyewe aipokee yote, akiwa macho, asimpe mwingine. Akilala kabla haijaisha, au akikataa, iliyobaki itatunzwa kwa ajili ya mrithi.

"Mrithi ni nani?" Mbithe akauliza, sasa kwa sauti yake. Sheikh alikuwa anaangalia tumbo.

Mtu aliyebanwa hutafuta hata tundu la panya. Mbithe alipanga kujifungulia Kitui mjini, mbali na meza ile. Mumewe Mulinge, ambaye analima nyanya za kumwagilia kule Kibwezi, alikubali kuja na gari la rafiki yake ampeleke, ingawa hakuelezwa yote. Asubuhi ya safari begi lilikuwa begani, gari linanguruma nje ya geti la hospitali, na Mbithe ametoka kuwaaga wenzake. Mguu wake ulipokanyaga nje ya geti, akahisi joto likishuka mapajani, na alipotazama chini changarawe ilikuwa nyekundu. Mulinge alimbeba. Hakumbeba kuelekea garini, na ni mume gani angefanya vingine? Daktari Kimeu aliangalia mara moja akasema huyu hafiki hata Kabati, nusu ya njia, aingizwe thieta sasa hivi.

Yakub alimpiga sindano ya mgongo. Ganzi ikapanda kama ilivyopanda kwa wengine wote, miguu ikawa miguu ya mtu mwingine, kiuno kikatoweka, pazia likainuliwa, mkono wa kushoto ukafungwa kwenye ubao. Alijaribu kukunja kidole cha mguu na hapakuwa na kidole. Yakub akashika mkono wa kulia. Upande wa pili, baridi ikaingia kiganjani, ikajipanga kidole kwa kidole na vidole vyake.

"Usinilaze usingizi," akamwambia Yakub. "Hata nikiomba. Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

Kisha amana ikaanza kurudi, na haikuanzia tumboni, tumbo lilikuwa limekufa, ilianzia kiganjani kwa kushoto ikapanda mkononi kama maji ya moto, na Mbithe akautambua uchungu wa kwanza kuwa ni wa Kanyiva, maana ulikuja na sauti ya mbuzi na vumbi la soko, na kabla haujapita ukaja wa pili juu yake, na wa yule aliyelia jina la mama yake, na wa yule ambaye mtoto wake hakupumua, na kila mmoja ulikuwa mzima, haujapunguzwa hata kidogo, umetunzwa vizuri kama alivyoahidiwa, na hakuweza kuinuka wala kukunja goti wala kuvuta mkono, aliweza kutazama taa tu na kusikia ule wimbo wa kubembeleza ukiimbwa sikioni mwake na mtu ambaye hakuwa na pumzi.

"Ni ngapi, Sista?" Yakub akauliza, macho yamejaa maji.

"Ziro," Mbithe akasema.

Alisema ziro kila alipoulizwa. Nyuma ya pazia mtoto alitolewa, akalia, kilio kikali cha mtoto wa kiume mwenye hasira, na Mbithe akakishika kilio hicho kama kamba, akajua kwamba bado ni wake, kwamba akivumilia kidogo tu mzigo utaisha. Ulikuwa unaelekea kuisha. Hata wimbo ulikuwa umeanza kufifia.

Lakini damu haikukoma. Daktari Kimeu alichungulia juu ya pazia akaona mdomo uliotafunwa na mwili wote wa juu ukitetemeka. Akasema ganzi imeshindwa, mama anaumia na presha inashuka, alazwe. Yakub hakusogea. Daktari akarudia, akasema mwanamke huyu atafia mezani kwake kwa ajili ya ujinga gani. Hakukosea, kwa elimu yake. Yakub alimtazama Mbithe, na Mbithe akatikisa kichwa, na hapo uchungu mmoja mpya ukampitia, na macho yake yakageuka meupe. Yakub alikuwa amemzika dada yake kwa uzazi. Huruma ikamshinda, akasukuma dawa kwenye dripu.

Mbithe alisikia wimbo ukikatika. "Basi," ile sauti ya Pwani ikasema kwa upole, "iliyobaki nitamtunzia yeye." Na vidole vya baridi vikauachia mkono wake.

Alizinduka wodini mchana, jua likiwa kali dirishani. Mulinge alikuwa amelala kwenye kiti. Hakuumwa popote, hata mshono. Sista Kalunde, mwenzake wa wodi ya watoto, alimletea mtoto akiwa na furaha ya kumtania: kwamba huyu ni mwanamume kweli, alilia mara moja tu alipotoka, halafu mama yake alipolazwa usingizi akanyamaza, na tangu hapo hajasumbua mtu.

"Hata sindano ya chanjo hakulia," Kalunde akasema. "Alikuwa anatazama tu hapo kando. Umezaa mtoto mzuri, Mbithe."

Alipoondoka, Mbithe alimfunua mtoto, na kiganja chake kidogo cha kushoto kilinukia udi. Alikuwa mzima, mnene, wa kupendeza, na alikuwa amelishika titi vizuri. Mbithe akaushika mguu mdogo, akaufinya kidogo. Akaufinya tena, kwa kucha, mpaka ngozi ikaacha alama nyekundu, huku machozi yakimdondokea mtoto usoni.

"Lia, baba," akamnong'oneza. "Lia kidogo tu. Lia."

Mtoto akaendelea kunyonya.