Simu Sita Uwandani

Jumatatu ile ukumbi wa ofisi ya pasipoti ulijaa hadi mlangoni. Watu walishikilia fomu vifuani, wakisogea hatua moja na kusimama, na karibu nusu ya waliofika dirishani walirudishwa kwa kosa lile lile: picha haifai. Wote hao waliishia ng'ambo ya barabara, kwenye chumba chembamba chenye pazia jeupe, kigoda kimoja, na dada mmoja aliyevaa gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni, miwani ameipandisha juu ya nywele.

"Inua kidevu," alikuwa akisema tangu saa mbili. "Usicheke. Tazama hapa. Haya, anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa mwanamume mrefu, shati lake la kaki limepauka mabegani, viatu vina vumbi jekundu lisilokuwa la mji ule. Alikaa kwenye kigoda kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

"Inua kidevu, kaka."

Akainua.

"Hapo unatafuta mvua. Shusha kidogo."

Akashusha.

"Sasa umefumba macho."

"Samahani, dada."

"Usiombe samahani, fumbua macho. Pasipoti hupewa aliye hai."

Foleni ikacheka. Mara ya tano yule dada akaiteremsha kamera, akamtazama. "Kwani kaka unafanya kazi gani, mbona kamera unaiogopa hivi?"

"Mimi ni mpiga picha."

Kicheko kilichozuka kilisikika hadi ng'ambo. Hata yeye mwenyewe alicheka, na hapo hapo dada akabonyeza. Picha ikatoka na meno yote nje, haifai kwa pasipoti wala kwa chochote cha serikali. Akampiga nyingine iliyofaa. Ile ya meno aliibakiza kwenye kamera.

Kesho yake yule mwanamume alirudi.

"Zimekataliwa?" dada aliuliza.

"Nimezikataa mimi."

"Zina kasoro gani?"

"Nimetoka peke yangu."

Miwani ilimwanguka dada kwa kucheka. Jioni hiyo walikunywa chai pamoja, na wiki ile hawakuachana. Mwanamume akampa yule dada jina la Kidevu, kwa lile neno alilolisema mara mia kwa siku. Kidevu akamwita Nyika, kwa sababu picha zake zote zilikuwa za huko: mabonde yasiyo na njia, miamba, mito iliyokauka, kibanda kilichohamwa miaka mingi. Alikuwa akisafiri wiki tatu, nne, akirudi na picha za kalenda na za kuta za hoteli. Katika zote hizo hakukuwa na mtu hata mmoja.

Kidevu aliishi na mama yake, muuguzi mstaafu aliyeitwa Matroni hata na majirani. Siku Nyika alipopelekwa kutambulishwa, Matroni alizipitia picha zake moja moja, polepole, kama anasoma faili za wagonjwa wodini.

"Mwanangu, hapa watu wamekwenda wapi?"

"Hawajawahi kuwapo, mama."

"Na wewe huwa unakwenda kumtembelea nani?"

Nyika alitabasamu, akaanza kuzikusanya picha. Alipoondoka, Matroni alimwambia binti yake, "Ni kijana mzuri, sina kasoro ya kumtoa. Lakini amekaa kama mgeni hata ndani ya ngozi yake mwenyewe."

"Mama nawe!"

"Nimemuuguza mtu wa kila namna. Wa namna hiyo huumwa kimya kimya. Umuulizeulize."

Kidevu hakuuliza. Mapenzi yalikuwa matamu, na maswali yanaweza kungoja. Nyika aliposafiri, kila siku saa kumi jioni alipanda mahali pa juu kutafuta mtandao, na Kidevu, popote alipokuwa, alisimamisha kazi.

"Haloo, Kidevu."

"Nyika wangu! Bado upo duniani?"

"Pembeni kidogo."

"Unasikia nini huko?"

"Wewe na upepo."

"Nani mtamu zaidi?"

"Upepo haunigombezi."

"Rudi uone nitakavyokugombeza, laazizi!"

Mwisho wa kiangazi Nyika alisafiri kwenda kwenye uwanda wa chumvi, siku mbili kwa gari na nusu siku kwa miguu. Palikuwa ziwa zamani za kale. Sasa ni weupe mtupu hadi upeo wa macho. Alishamweleza Kidevu kwamba mvua ya kwanza ikinyesha, maji membamba hutandaa juu ya chumvi, na kwa siku moja tu, pengine mbili, uwanda wote huwa kioo, na mbingu huonekana juu na chini. Miaka minne aliikimbilia siku hiyo na miaka minne aliikosa.

"Na safari hii?" Kidevu aliuliza.

"Safari hii nitaisubiri mpaka ije. Nikirudi, nina neno na Matroni."

"Neno gani?"

"La Matroni ni la Matroni."

Kidevu alicheka siku nzima, akiwaambia wateja wasicheke.

Siku ya kumi na mbili, Jumanne asubuhi, Matroni alianguka jikoni. Kiharusi. Hospitali aliyoifanyia kazi miaka thelathini ilimpokea kwenye wodi aliyowahi kuisimamia. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa, ulimi mzito, lakini akili ipo. Kidevu alisimama kwenye korido akapiga simu. Namba unayopiga haipatikani. Akapiga tena. Mpaka saa tisa alikuwa amepiga mara sita, na kila aliporudi kitandani, mama yake alimtazama.

"Nyika... amesemaje?"

"Yuko njiani, mama," alidanganya.

Saa kumi ikafika. Kidevu aliishika simu kwa mikono miwili. Haikulia. Saa kumi na moja haikulia. Jumatano, kabla wauguzi hawajabadilishana zamu, Matroni alifariki. Alizikwa Alhamisi.

Ijumaa simu ikalia.

"Kidevu," sauti ya Nyika ilikuwa ndogo. "Kwema?"

"Mama tumemzika jana."

Upepo ukavuma kwenye simu muda mrefu.

"Huku... huku hakukuwa na mtandao," Nyika alisema.

Alifika Jumapili. Nyumba ilikuwa imejaa watu, viti hadi uani. Alisimama mlangoni na viatu vyenye ukoko mweupe wa chumvi, na dada mkubwa wa Kidevu, aliyekuja kutoka mji anakoishi, akauliza kwa sauti, "Ndiye huyu?" Kidevu alikuja, amevaa nguo nyeusi, macho makavu.

"Pole na safari," alimwambia, kama anavyoambiwa mgeni yeyote.

Hakumfukuza. Hakumwambia kaa. Baada ya hapo hakupokea simu zake tena, na Nyika, aliyejua vizuri zaidi kuliko yeye kwa nini hastahili kupokelewa, hakwenda kugonga.

Miezi minane ikapita hivyo. Kidevu alifungua chumba chake asubuhi, akainua videvu vya watu, akarudi kwenye nyumba ambayo vyumba vyake vilikuwa vimeongezeka ukubwa. Alizoea kupika chakula cha watu wawili, akashangaa kila mara sufuria inabaki nusu. Aliwasha redio jikoni, nyingine chumbani, ili atoke kwenye sauti aingie kwenye sauti. Watu waliokuja msibani walikuwa wengi mno hata hakupata nafasi ya kulia. Alikuwa akitafuta viti, akitafuta vikombe, akipokea pole. Walipoondoka, machozi nayo yalikuwa yameshapotea njia.

Nyika, upande wa pili wa mji, alikaa kwenye chumba chake chenye kuta za mabonde. Picha ya uwanda ilikuwa imempa jina. Ilichapishwa kwenye kalenda, ikatundikwa kwenye maonyesho. Watu walimpa mkono, wakamwambia ameiona mbingu mara mbili. Alirudi nyumbani akavua viatu, akakaa kitandani tangu jua lipo dirishani mpaka giza, bila kuwasha taa.

Siku moja Kidevu alikwenda kulipia umeme, akainua macho ukutani. Kalenda. Mbingu juu, mbingu chini, na katikati mstari mwembamba kama uzi. Chini yake, kwa herufi ndogo, iliandikwa tarehe picha ilipopigwa. Ilikuwa Jumatano ile.

Alitoka nje akampigia.

"Haloo?" Nyika aliitika kama asiyeamini.

"Nipeleke huko."

"Wapi, Kidevu?"

"Ulikokuwa Mama alipokufa. Nataka kupaona."

Walisafiri wiki iliyofuata. Siku mbili garini hawakuzungumza zaidi ya maji, biskuti, na jina la kituo kinachofuata. Asubuhi ya tatu walitembea. Kidevu alikuwa amevaa suruali ya jinzi, koti la mama yake la sufu, kitambaa cha njano kichwani. Nyika alitangulia mbele, mikono mitupu. Hakubeba kamera.

Walipofika, hapakuwa na kioo chochote. Ni kiangazi. Chumvi imepasuka vipande vipande, kavu, na upepo unapita bila kukuta kitu cha kugonga. Kidevu alizunguka akatazama pande zote.

"Ni hapa tu?"

"Ni hapa."

"Hakuna kitu."

"Hakuna."

Kidevu alijaribu kucheka, sauti ikageuka. Alipiga magoti kwenye chumvi akalia, kwa sauti kubwa, kama mtoto, akimwita mama yake kwa majina yote aliyowahi kumwita. Hapakuwa na wa kumwambia nyamaza, wala wa kumletea kiti. Nyika alikaa chini hatua chache kutoka kwake, na hakumgusa, kwa sababu alijua bado hana haki hiyo.

Alipomaliza, Kidevu alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa. Uso wake ulikuwa umelainika, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alimtazama vizuri.

"Nilikuchukia bure," alisema. "Sasa naona. Huku mtu hata angetaka, angempata nani? Dada amenitafutia chumba cha kazi mjini kwao, nihamie nikakae karibu naye. Begi limefungwa. Nilisema nikapaone kwanza huko, halafu niamue." Akanyoosha mkono. "Nyika, njoo ukae huku."

Kumbe mlango ambao Nyika alikuwa akiulilia miezi minane ulikuwa wazi, na hakutakiwa kufanya lolote ila kunyamaza. Nyika hakusogea.

"Kidevu, mtandao ulikuwepo."

"Unasema?"

"Kile kilima kule nyuma. Jumanne saa kumi nilipanda kama kawaida. Nikawasha simu, zikaingia taarifa sita. Zote zako."

Mkono wa Kidevu ulirudi taratibu magotini.

"Ukaziona."

"Nikaziona. Wingu la mvua lilikuwa limeanza kutanda. Nikasema, nikipiga nitaambiwa nirudi. Nikazima."

"Kwa ajili ya picha."

"Ningependa iwe picha tu." Alikuwa akiongea na chumvi. "Nilipokuwa mdogo, baada ya wazazi kufariki, nililelewa nyumba saba. Kwa shangazi, kwa mjomba, kwa mama mdogo, kila mtu kwa zamu yake. Simu ikilia kwa jirani ikaulizwa habari yangu, basi najua kesho nafunga nguo. Mpaka leo nikiona simu inanitafuta sana, naikimbia. Huku hakuna anayenihamisha. Lakini si sababu, Kidevu. Nilijua kuna jambo. Nilijua, nikazima."

Kidevu aliubandua ukoko wa chumvi kwa ukucha mpaka kivuli chake kikageuka upande.

"Saa kumi siku ile," alisema hatimaye, "Mama alikuwa bado anasema. Alikuwa anakuulizia wewe."

Nyika alifunika uso kwa viganja.

"Ungeninyamazia tu," Kidevu alisema, "leo ningekuwa wako."

"Najua."

"Kwa nini umesema?"

"Ningekaa na wewe maisha yangu yote nikiwa peke yangu."

Waliondoka jua likiwa upande. Njiani kurudi Kidevu alimuuliza habari za zile nyumba saba, moja moja, na Nyika akamjibu moja moja: wapi alilala sebuleni, wapi alipewa shuka yake, wapi alipendwa kidogo. Alipochoka kusikiliza, alilala kwenye kiti cha basi, kichwa begani kwa Nyika, na Nyika hakulisogeza bega lile saa sita nzima.

Stendi ilikuwa imefurika. Kidevu alikwenda kwenye dirisha la tiketi peke yake, akarudi na moja, ya kwenda mjini kwa dada yake.

"Kidevu, nitapokea," Nyika alisema haraka. "Kuanzia leo, ikilia tu..."

"Naamini." Alimrekebisha kola ya shati, kama anavyowafanyia wateja. "Nimekusamehe, na si kwa mdomo tu. Ila nikiumwa mimi, kipenzi, nitakuwa nahesabu. Moja, mbili, tatu. Sitaki kuwa mke wa kuhesabu."

"Na mimi nifanyeje?"

"Tafuta mtu mmoja katika zile nyumba saba. Anza na huyo aliyekupa shuka."

Alimbusu shavuni, akapanda. Alikaa dirishani, kitambaa cha njano kikionekana vizuri, na basi lilipoanza kurudi nyuma aliinua mkono. Nyika naye akainua. Basi likaingia barabarani, likapita kwenye mzunguko, likafichwa na malori, na yeye akabaki amesimama na mkono juu, watu wakimpita na mizigo yao kulia na kushoto.

Mkata tiketi mmoja, mtu mzima mwenye kofia, alimwonea huruma, akamsogelea.

"Vipi, ndugu yangu, umeachwa?"

Nyika alishusha mkono.

"Ndiyo," alisema. "Nimeachwa."

"Usijali," mkata tiketi alimwambia, akimpigapiga mgongoni. "Kuna jingine saa kumi."

Nyika akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo, machozi yakimtiririka hadi shingoni, na yule mzee, bila kujua anacheka nini, akacheka naye.