Siku Gintautas Alipozima Kisanduku

Jumamosi ile Vilija alikuwa anachuma matango kwenye banda lake la vioo. Mara anga ikapasuka. Mlio mmoja mzito, puu! Ardhi ikatikisika, na vioo kumi na kimoja vikamwagika juu ya matango.

"Mungu wangu!" Akatoka mbio, mikono kichwani. Juu aliona mistari miwili myeupe tu. "Jeshi! Si wengine hao! Wanachezea mindege yao juu ya vichwa vya watu!"

Vilija si mtu wa kumeza hasira. Akapiga simu jeshini, akampasha aliyepokea mpaka koo likamkauka.

Baada ya nusu saa mumewe, Gintautas, akaingia jikoni, uso umemshuka. Alikuwa na ndege ndogo ya viti viwili aliyoiunda mwenyewe ghalani kwa miaka sita.

"Ulikuwa wapi?"

"Hapo tu. Nilizunguka juu ya ziwa." Akaomba supu baridi ya bitiruti, akainamia bakuli. Habari za vioo hata hakuuliza.

Jumatatu akaja Luteni Jurga kutoka kituo cha kulinda anga, msichana wa umri wa binti yao. Akavihesabu vioo, akaandika. Vilija alikuwa bado anafoka, lakini akamtengea matango yaliyopakwa asali. Hasira ni hasira, na mgeni ni mgeni.

"Vioo vyangu mtavirudisha!"

"Tutavirudisha, Bi Vilija. Ila nikuulize. Ile ndege ya njano chini ya turubai ni ya nani?"

"Ya mume wangu. Kwani vipi?"

Gintautas akainuka. "Ngoja nikaangalie nyuki."

"Kaa chini," akasema Vilija.

Akakaa.

"Rada yetu inatupa mawimbi angani," Jurga akaeleza. "Yakigonga kitu, yanarudi, nasi tunaona nukta. Nukta haisemi kama ni ndege ya mkulima au ya adui. Ndiyo sababu ndege hubeba kisanduku cha kuijibu rada. Kinasema: namba yangu hii, niko juu kiasi hiki. Jumamosi tuliona nukta karibu na mpaka. Kisanduku kimya. Tukaita kwa redio, kwenye masafa ya dharura ambayo kila rubani anatakiwa kuyasikiliza. Kimya. Taarifa ya safari, hakuna. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningetoka na rungu."

"Nasi tulitoka. Marubani wa zamu hukaa tayari mchana na usiku. King'ora kikilia, baada ya dakika chache wako hewani. Waliruhusiwa kupita kasi ya sauti ili wawahi. Ndege ikipita kasi hiyo hupiga mlio mzito, nao ndio uliokuvunjia vioo."

"Wakaiona hiyo nukta?"

"Wakaifikia. Mmoja akapita kushoto kwake, mbele kidogo ili aonekane, akatikisa mabawa. Maana yake: nimekukamata, nifuate. Nawe unajibu kwa kutikisa mabawa, unafungua redio, unamfuata." Jurga akamgeukia Gintautas. "Mzee, wewe ulifanya nini?"

Gintautas akatazama meza. "Nilimpungia mkono. Nilidhani ananisalimia."

"Ebo!" Vilija akaruka kitini. "Mtu ana makombora chini ya bawa, wewe unampungia mkono?"

"Bahati yake, rubani alimwona vizuri," akasema Jurga. "Mzee mmoja na kofia ya majani. Wakamzunguka kwa mbali mpaka akatua hapa. Angekuwa anaelekea mjini, mambo yangekuwa mengine."

Vilija akamkazia macho mumewe. "Kisanduku kimeharibika?"

"Hapana. Nilikizima."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yako!" Kwa mara ya kwanza Gintautas akapaza sauti. "Kila nikipaa, kisanduku kinanionyesha kwenye ramani ya simu yako, unanifuata kama polisi! Nilikwenda kwa Rimantas. Ndugu yangu, Vilija! Miaka mitatu umenikataza nisimwone, kisa ugomvi wa shamba la mama!"

"Ukajificha nisikuone, na nchi nzima nayo isikuone!" Vilija akapiga meza, bakuli likaruka. "Wangekuleta hapa kwenye jeneza, Gintautas! Jeneza! Kwa kuogopa kelele zangu!" Alikuwa na hasira na mumewe, na sasa alikuwa na hasira na nafsi yake pia, na hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi.

Gintautas alizuiwa kuruka miezi miwili. Akarudishwa darasani, akajifunza upya ishara zote za angani. Vilija naye alikaa kiti cha nyuma akasikiliza, maana hakumwamini.

Septemba ndege ya njano ikatolewa ghalani. Vilija akapanda kiti cha pili, kikapu cha jibini mapajani.

"Taarifa ya safari?"

"Nimetuma."

"Kisanduku?"

"Kinawaka. Si unakiona?"

"Redio?"

"Iko wazi, mwanamke."

Wakapaa. Muda si muda sauti ya Jurga ikasikika redioni. "Ndege ya njano, tunakuona vizuri. Mnaelekea wapi?"

Gintautas akamtazama mkewe. Vilija, bado amenuna, akabonyeza kitufe mwenyewe.

"Kwa shemeji yangu," akajibu. "Na akianza tena habari za shamba, tumeni zile ndege zenu."