Misumari ya Honora

Kiti cha tatu cha ukumbi mpya ndicho kilichoanza. Kila asubuhi Hester, msaidizi wa Bi Adelaide Thorne, alikikuta kimepinduliwa miguu juu, kama kinavyolazwa kwenye meza ya fundi.

"Ni paka," alisema Bi Thorne.

"Paka wa kupindua kiti cha mwaloni, Madamu?"

"New York ina paka wakubwa."

Ulikuwa mwaka 1908, na Bi Thorne alikuwa amegundua kwamba kuwachagulia matajiri mapazia ni kazi yenye heshima: upambaji wa nyumba. Zamani mambo hayo yaliachiwa mafundi makochi, watu wenye gundi kwenye kucha. Yeye aling'oa mapazia mazito, akapaka kuta rangi ya maziwa, na mabibi wa mjini wakamwabudu.

Michoro yote ilikuwa ya Honora Geraghty, fundi wake kutoka Ayalandi. Honora alifanya kazi mdomo umejaa misumari midogo, kama wafanyavyo mafundi makochi: hutema mmoja kwenye nyundo ya sumaku, hugonga, hutema mwingine. Februari, Bi Thorne alimshika bega ghafla kumwambia aharakishe. Honora akameza msumari. Siku ya nne akafa. Siku ya tano Bi Thorne alimwamuru mzee Kilduff, fundi aliyebaki, afute kwa msasa jina la Honora kwenye kila kiti. Mafundi huandika majina yao kwa penseli kwenye mbao, chini ya kitambaa, mahali mwenye kiti hapaoni. Hata hapo jina hilo lilimkera.

Sasa Alhamisi ukumbi wa klabu ya wanawake ungefunguliwa, na gazeti lingemtangaza Bi Thorne kuwa mwanamke wa kwanza katika fani hiyo.

Jumatano mchana, wakiwa peke yao ukumbini, Bi Thorne, Hester na Kilduff walisikia nyundo: tup. Kimya. Tup.

"Huo ukimya wa katikati," alinong'ona Kilduff, "ndipo anapotema msumari."

"Anataka nini?" aliuliza Hester.

"Jina lake. Mtaje kesho hadharani, Madamu, yaishe."

"Nimtaje mshona makochi mbele ya wake za wenye mabenki? Umezeeka, Kilduff."

"Nimezeeka, lakini koo langu ni zima."

Kilduff akakibandua kitambaa cha kiti cha tatu, na harufu ya manyoya ya farasi yaliyojazwa ndani, yaliyolowa, ikapanda ikawajaa puani, na pale kwenye mbao alizozipiga msasa kwa mikono yake mwenyewe hadi zikawa nyeupe, lilikuwepo jina, Honora Geraghty, penseli bado inang'aa, na herufi ya mwisho ilikuwa ikimalizika kuandikwa mbele ya macho yao.

"Kifunike," alisema Bi Thorne.

Alhamisi, chai ilipomiminwa, mwandishi wa gazeti alifungua daftari. "Na haya yote yalibuniwa na nani?"

"Na mimi—"

Msumari ukadondoka kutoka kinywani mwake hadi kwenye kisahani chake. Mabibi walidhani ni kijiko.

"Ni mimi—"

Miwili. Akaziba mdomo kwa leso, na mashavu yake yakaanza kujaa.

Hester aliinama sikioni pake. "Madamu, sema jina lake. Maneno mawili tu."

Nyuma ya ukuta mweupe nyundo ilinyamaza, ikingoja. Bi Thorne alimtazama Hester, akawatazama wake za wenye mabenki, akanyoosha shingo kama mtu wa heshima zake, akameza.