Betri ya Gari la Bi Redio

Watu wa nyumba ile walimwita bibi yao Bi Redio, naye hakukasirika. Akiamka anaongea. Akinywa chai anaongea. Akipiga mswaki, anajaribu kuongea. Mkaza mwana wake alikuwa fundi wa kushona mito na matandiko ya viti. Mara kwa mara alimtania, "Mama, punguza sauti kidogo, unanipotezea hesabu ya vipimo." Bi Redio alicheka, kisha akaendelea palepale alipoishia.

Figo za Bi Redio zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Mwanawe alikuwa mwokaji mikate, na alitoka kwenda kazini kabla watu hawajaamka. Kwa hiyo aliyempeleka mama hospitali ni mshonaji. Walitumia gari lao la siku nyingi, lile linalotumia petroli na umeme kwa pamoja. Watu huliita haibridi.

Kila safari ilianza na mito. Mshonaji aliweka mto mnene wa kuegemea ubavuni, mwingine wa kukalia, na mdogo wa kuwekea mkono. Aliishona mwenyewe, kwa kitambaa kizuri kuliko alichowauzia wateja. Juu yake alitandika blanketi.

"Unanipakia kama trei ya mayai," Bi Redio alisema.

"Mayai yakipasuka mwanao atanifukuza," mshonaji alijibu. Wakacheka, wakaondoka.

Asubuhi moja kicheko hicho kilikatika njiani. Walikuwa wakipanda mlima wa karibu na soko. Mshonaji alikanyaga mafuta, lakini gari likajivuta kama limechoka. Nyuma ya kiti, feni ilikuwa ikinguruma. Kwenye dashibodi, mchoro wa betri uliokuwa umejaa chini ya mlima ulikuwa karibu kuisha. Kisha taa nyekundu ikawaka.

Lori lilipiga honi nyuma yao. Mikono ya mshonaji ilianza kutoka jasho. "Twende, gari letu, twende," alinong'ona. Walifika hospitali mwendo wa kinyonga. Alipotazama kwenye kioo, alimwona mama mkwe wake ameikazia macho ile taa. Hakusema neno.

"Mama, mbona kimya leo?"

"Nimechoka tu, mwanangu."

Kimya hicho kilimtisha mshonaji kuliko ile taa. Aliwahi kuona mama akikosa zamu moja tu ya kusafishwa damu. Miguu ilivimba, uso ukavimba, na pumzi ikawa ya kuvuta kwa taabu. Siku ile walimkimbiza hospitali wakiwa hawajui kama watarudi naye. Gari hili likigoma, mambo yatakuwa yale yale.

Jioni alimweleza mumewe. Mwokaji alifikiri kidogo, huku akijifuta unga kwenye nyusi.

"Ni betri kubwa, ile inayosukuma gari," alisema. "Kuna duka barabara kuu wanauza zilizokarabatiwa. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na mpya. Muuzaji anasema kuifunga ni kazi ya muda mfupi tu. Kesho kutwa mama ana zamu. Tufunge kesho, tumalize."

Mshonaji alipumua. Kwa muda mrefu alikuwa akiweka akiba ya kununua cherehani kubwa, ya kushonea vitambaa vizito. Betri mpya ingeimeza akiba yote. Iliyokarabatiwa ingeibakiza.

"Basi tufunge hiyo hiyo," alisema. "Lakini aifunge nani? Nasikia umeme wake unaua."

"Fundi Taratibu."

Huyu alikuwa jirani yao, fundi wa umeme wa magari. Jina hilo alipewa na wateja waliochoka kumsubiri. Hata chai aliinywa kama anaikagua. Asubuhi yake mwokaji aliomba ruhusa kazini, wakalipeleka gari karakana kwa fundi. Bi Redio alikataa kubaki nyumbani, akawekewa kiti mlangoni.

"Fundi, tuna haraka," mwokaji alisema. "Tukuletee betri, ufunge leo."

"Hii iliyomo imekufa kwa nini?" Fundi Taratibu aliuliza.

"Imezeeka."

"Inawezekana. Ngoja tuiulize."

Mwokaji alimtazama mkewe kwa macho ya kukata tamaa. Fundi aliunganisha kifaa chake cha kupimia chini ya usukani. Alisoma, akakuna kidevu, akasoma tena. Kisha akawaita waone.

"Betri hii si kitu kimoja," alisema. "Ndani yake kuna seli nyingi zimepangwa kwa safu. Hizi mbili zimekufa. Hizi nyingine zimechoka. Lakini tazameni hapa. Hili ni joto. Gari limesimama kivulini na betri bado ina homa."

Alifungua mlango wa nyuma. Alitoa blanketi. Akatoa mto mnene wa kuegemea. Pembeni ya kiti, pale mto ulipokuwa umelala, palikuwa na tundu lenye vijiti vya plastiki.

"Hili tundu mnalijua?"

"Nilidhani ni spika," mshonaji alisema.

"Hii ndiyo pua ya betri. Feni inavuta hewa hapa, inaipoza." Alifungua kifuniko, akaingiza koleo ndogo, akavuta. Ilitoka pamba. Akavuta tena, ikatoka pamba nyingine, ya kijivu, imeshikana na vumbi. Feni yote ilikuwa imevikwa pamba kama inaumwa masikio.

Mshonaji aliitambua pamba yake. Gari hilo hilo ndilo alilobebea marobota ya pamba kutoka kwa muuzaji. Mto alioushona kwa mapenzi ndio ulioziba pua. 

"Kumbe ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Mama angeweza kufa barabarani kwa ajili ya mto wangu."

"Gari lenyewe ni la zamani, betri ingekufa siku moja," Fundi Taratibu alisema. "Wewe umeisukuma kidogo. Ila ungefunga nyingine leo bila kusafisha hapa, nayo ingepikwa vilevile."

Mwokaji hakusema tena habari ya haraka. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Sasa tuambie, fundi. Ile iliyokarabatiwa ni mbaya?"

"Sikwambii ni mbaya. Nakwambia uijue. Betri ya zamani inafunguliwa. Seli zilizokufa zinatolewa, zinawekwa nyingine ambazo pia zimetumika, kutoka kwenye magari mengine. Mama watoto, wewe unashona. Ukitia kiraka kwenye shuka iliyochakaa, nini kinachanika baadaye?"

"Kando ya kiraka," mshonaji alijibu.

"Ndivyo hivyo. Fundi mzuri anapima seli zote, moja moja, kwa kuzijaza umeme na kuumaliza. Anazipanga zinazolingana nguvu. Anakupa waranti, yaani dhamana ya maandishi. Ya namna hiyo inaweza kukufaa muda wa kutosha. Fundi mbaya anatoa mbili, anatia mbili, anapaka rangi juu ya boksi. Mpigie huyo muuzaji wako, tumuulize."

Mwokaji alipiga simu, akaweka sauti ili wote wasikie.

"Seli mmezipima zote?" aliuliza.

"Bosi, hiyo betri ni moto!" muuzaji alijibu.

"Moto hatutaki, tunao tayari," Bi Redio alisema kutoka mlangoni. Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi ile.

"Nauliza kama mmezipima."

"Tumeiwasha, imewaka."

"Na waranti?"

"Ikikusumbua, njoo tuongee. Sisi tupo."

"Utaniandikia?"

"Bosi, kwani huniamini?"

Mwokaji aliaga kwa adabu, akakata. "Tungeongea mpaka lini?" alisema. Kila mmoja alijua hilo si swali.

"Wapo wanaokarabati vizuri," Fundi Taratibu aliendelea. "Kama ungelitumia gari kwenda sokoni mara moja moja, au kama unataka kuliuza karibuni, ningekwambia chukua kwao, pesa nyingine ufanyie jambo jingine. Lakini hata ya kwao hakuna anayejua seli ipi itafuata. Mpya ni ghali, na itachukua siku kadhaa kufika. Ila seli zake zote zinaanza safari pamoja, na waranti yake ni ndefu. Pia kwanza lazima fundi aangalie injini na bodi. Kuweka betri mpya kwenye gari linalooza ni kutupa pesa. Hili nimelikagua, bado lina miaka."

Siku kadhaa! Kesho ilikuwa zamu ya hospitali. Mshonaji aliifikiria cherehani yake, akaona aibu kwa kuifikiria. Kisha akaifikiria tena. Alitaka mtu mwingine aamue.

"Mimi ndiye ninayekaa kiti cha nyuma," Bi Redio alisema. "Mbona hakuna anayeniuliza?"

Wote waligeuka.

"Mmekuwa mkishangaa nimenyamaza. Nilikuwa nalinda ile taa. Nilijiambia nikiondoa macho tu, gari litazimika. Nikiongea, litazimika. Hata usingizini naiona." Alishika ncha ya khanga yake. "Naogopa, wanangu. Siogopi mashine ya hospitali. Naogopa kufia pembeni ya barabara, mkaza mwana wangu akihangaika na boneti. Sijui seli wala sijui nini. Ninunulieni betri ambayo sitalazimika kuilinda."

Mwokaji aliinamisha kichwa. Mshonaji alikwenda kuchutama mbele ya mama mkwe wake, akamshika magoti.

"Cherehani itasubiri, mama," alisema. Ilimuuma kusema hivyo, na alisema kwa moyo mmoja.

Siku za kusubiri zilikuwa ndefu. Walikodi gari la kumpeleka mama hospitali. Siku ya kwanza dereva alichelewa, mshonaji akasimama getini akitazama njia mpaka shingo ikauma. Safari zilizofuata walimkodi yeye yule, lakini mshonaji alimpigia simu tangu alfajiri mpaka dereva akaomba msamaha hata kwa makosa ambayo hakuyafanya. Zamu haikukosekana hata moja.

Betri mpya ilipofika, Fundi Taratibu hakuifungua haraka. Alikagua kama boksi halijafunguliwa. Alitazama tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu betri iliyokaa sana ghalani hupoteza nguvu. Alilinganisha namba za kwenye betri na za kwenye karatasi ya waranti. "Wapo wanaobandika karatasi mpya kwenye betri ya zamani," alisema.

Kisha aliwataka wote wasimame mbali. Alivaa glavu nene za mpira. Alizima gari, akaweka ufunguo mbali, akachomoa plagi ya usalama, akasubiri umeme uishe.

"Mnaona nyaya hizi za rangi ya machungwa? Mtu asiyefundishwa asiziguse kamwe. Hata gari likiwa limezimwa."

Safari hii hakuna aliyemwambia ana haraka. Alisafisha feni na njia yote ya hewa, akafunga betri, akapima seli moja moja. Betri ya zamani aliiweka kando. "Hii haitupwi jalalani, ina sumu. Inarudi kwa waliotuuzia, wanaipeleka kiwandani."

Nyumbani, mshonaji alifumua ule mto mnene. Aliukata upya, mfupi upande wa tundu, akaushona ndani ya kitambaa kizito kisichopitisha pamba. Marobota ya pamba aliyakataza kuingia kwenye gari. Kuanzia hapo yaliletwa kwa mkokoteni. Naye Bi Redio alijipa cheo cha mlinzi wa pua. Mjukuu akitupa sweta kiti cha nyuma, alisikia, "Unataka betri ife kwa kukosa hewa? Ondoa!"

Siku ya zamu iliyofuata, mshonaji aliendesha mwenyewe. Chini ya mlima wa soko, mikono yake ilianza tena kutoka jasho. Alikanyaga mafuta. Aliitazama dashibodi, akaitazama barabara, akaitazama dashibodi. Gari lilipanda. Nyuma, feni haikunguruma. Walipita duka la viatu, wakapita kituo cha maji, wakafika juu. Taa haikuwaka.

Bado alikuwa amebana pumzi aliposikia sauti nyuma yake.

"Yule nesi mrefu," Bi Redio alisema, "nilikwambia anaolewa?"

"Hujaniambia, mama."

"Basi sikiliza. Bwana harusi mwenyewe mfupi, hata picha ikipigwa..."

Mshonaji alitazama kwenye kioo. Mama mkwe wake alikuwa ametazama nje ya dirisha, watu na maduka yakipita, na mkono wake unapigapiga mto kufuata maneno. Hakuwa akitazama taa yoyote. Machozi yalimjia mshonaji, akayafuta upesi ili aone njia.

"Mama," alisema, "ongeza sauti kidogo. Sitaki linipite neno."